Mama Asiyekuja Kudai: Utangulizi

Aprili 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaita ofisini kwake Ilala wanawake waliotelekezewa watoto. Walikuja maelfu, wengine na watoto mgongoni, wengine wamewashika mkono, wakapokewa na wanasheria, maofisa ustawi wa jamii na askari wa dawati la jinsia. Kwa siku kadhaa jiji halikuwa na mazungumzo mengine. Wapo waliompongeza, wapo waliouliza ni nani aliyeruhusu sura za watoto zirushwe kwenye televisheni. Sisi tunaofundisha sheria ya familia tulipata kitu adimu: matunzo yasiyolipwa yalionekana kwa macho, yamejipanga foleni.

Foleni ina hila yake. Humfanya mtafiti ahesabu waliopo. Mama aliyekimbia kipigo Mbagala usiku, akafikia kwa dada yake Tabata Kimanga, na ambaye baba wa watoto bado anamtafuta kwa ndugu na marafiki, hawezi kusimama mbele ya kamera akataja mtaa anaokaa. Hata bila kamera asingekwenda. Muulize habari za hela ya matumizi, atakujibu kwa maneno ambayo ofisa ustawi yeyote wa jiji hili ameshayasikia: "Nimemwachia Mungu." Somo ninalokukaribisha linaanza kwa huyo ambaye hakuja.

Karibu, basi, uwe mwanafunzi wa sheria, ofisa ustawi uliyepangiwa kata juzi, msaidizi wa kisheria wa mtaani, au mtu tu ambaye dada yake amerudi nyumbani na mabegi. Nitakuonya mapema kwamba somo hili halina rafu yake maktaba. Matunzo ya mtoto yamewekwa upande wa mashauri ya madai: nani alipe, kiasi gani, mpaka lini. Ukatili wa nyumbani umewekwa upande wa jinai na afya: majeraha, fomu ya polisi ya PF3, ushahidi. Waandishi wa upande mmoja hawasomi wa upande wa pili, ilhali mwanamke ni yuleyule na mwanamume ni yuleyule. Sheria inamwambia amkimbie mtu huyo, kisha inamwambia amfuate akamdai.

Sheria zenyewe nitazipitia haraka, maana vitabu vyake vipo. Mtoto wa nje ya ndoa, kwa sheria tuliyorithi kwa mkoloni, alistahili matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokifuta. Kufikia wakati huo shilingi 100 haikutosha hata nauli ya daladala ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, ilimtwika baba wajibu wa malazi, mavazi, chakula na elimu ya watoto, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ni kifungu kizuri kisicho na meno: hakikutaja adhabu yoyote. Atakayetaka adhabu itabidi aende kwenye Kanuni ya Adhabu, kama vile amepigwa na mtu baki baa. Uganda ilitunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani 2010, Kenya 2015. Tanzania Bara mpaka leo haina.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini analijua shauri hilo. Ningependa siku moja alijue pia swali ambalo halikuulizwa: mwenye kudai mgawo wake, au matunzo ya wanawe, afanye nini ikiwa kudai kwenyewe kunamfunulia adui mahali alipo?

Katika nchi zinazolipa ruzuku kwa wazazi wanaolea peke yao, swali hilo lina fomu yake. Serikali husema: kabla hatujakupa fedha ya umma, mdai kwanza baba wa mtoto. Kisha huongeza: isipokuwa kama kumdai kutakuletea hatari. Uingereza iliandika hivyo katika Sheria ya Matunzo ya Watoto ya 1991. Mama aliyepokea ruzuku na kukataa kumtaja baba aliweza kukatwa sehemu ya ruzuku hiyo, ila kama palikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba yeye au mtoto angedhurika. Ulazima huo ulifutwa 2008. Marekani nayo iliacha mwanya wa aina hiyo, na sheria yake ya ustawi ya 1996 ikayaruhusu majimbo kuwalegezea masharti waliokimbia ukatili. Australia inamtaka mzazi achukue hatua za kudai matunzo ndipo apate zaidi ya kiwango cha chini cha ruzuku ya familia, na humsamehe anayehofia ukatili. New Zealand, Aprili 2020, iliacha kabisa kumkata ruzuku mama asiyemtaja baba.

Nimeziorodhesha kwa sababu historia yake ina funzo. Msamaha unaoombwa una mlango, na mlangoni kuna mtu anayetaka uthibitisho. Mwanamke aliyeficha kipigo miaka yote kwa aibu, aliyewaambia majirani kwamba ameanguka bafuni, ndiye anayefika mlangoni mikono mitupu. New Zealand ilipouondoa mlango wenyewe ilikiri, bila kusema kwa sauti, kwamba walinzi wa mlango hawakuwa na macho ya kutosha.

Huku kwetu hakuna msamaha kwa sababu hakuna ruzuku ya kuuombea. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unaangalia kama watoto wanahudhuria shule na kliniki. Haumuulizi mama kama amemshitaki baba yao. Kwa hiyo wapo wenzangu wanaosema hili ni somo la ughaibuni. Sikubaliani nao. Shinikizo la kudai lipo Tabata kama lilivyo Melbourne, ila linatoka kwa mtu mwingine: kwa shemeji. Ndiye mwenye nyumba, ndiye anayenunua unga, na mwezi wa tatu ukifika huanza kusema kwa upole: "Shemeji, watoto si wana baba yao? Nenda ustawi, atabanwa." Hasemi kwa ubaya. Lakini mama anayemjibu kwamba hataki kudai lazima ajieleze, na maelezo yake hupimwa sebuleni na mtu ambaye si hakimu, wala hajawahi kusikia habari za sababu za msingi.

Kwa nini nimeichagua Tabata kuwa mfano wa somo hili? Si kwa kuwa wanaume wake ni wakali kuliko wa Sinza au Temeke. Ni eneo la watu wa kipato cha kati na cha chini waliochanganyika, wapangaji wengi, nyumba za familia zilizoongezwa vyumba nyuma, na kutoka Relini hadi Segerea mtu anaweza kupotea asionekane. Ndiyo maana wanaokimbia hufikia huko. Na kuna sababu nyingine inayonifurahisha. Tabata haiogopi mahakama. Mwaka 1988 wakazi wake waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kuugeuza mtaa wao kuwa dampo la takataka za Dar es Salaam nzima, na Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lugakingira, ikawapa haki yao. Shauri hilo linafundishwa mpaka leo kwenye madarasa ya sheria ya mazingira. Anayeniambia kwamba akina mama wa Tabata hawadai matunzo kwa kutojua haki zao, mimi humkumbusha dampo. Watu wanaojua kulishitaki jiji wanajua kumshitaki baba. Wasipofanya hivyo, tuwape heshima ya kudhani kwamba wamefikiri.

Wamefikiri nini? Tufuate njia ambayo mama angeipita, tuone.

Huanza serikali ya mtaa kwa mjumbe au mwenyekiti, akapata barua. Hapo ameshajulikana. Akiwa na majeraha mapya huenda polisi kuchukua PF3 na namba ya taarifa (RB), au moja kwa moja kwenye kituo cha mkono kwa mkono cha Hospitali ya Amana, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Akitaka matunzo huenda ofisi ya ustawi. Ofisa humwita baba, kwa barua au kwa simu, na wote wawili huketi kwenye meza moja. Ofisa mzuri, naye yupo, huuliza kwanza akiwa na mama peke yake: "Dada, unataka atoe matumizi au unataka aache kukufuata?" Swali hilo lina thamani kuliko sura nzima za vitabu vyetu, kwa maana linakiri kwamba mambo hayo mawili yanaweza kugombana. Lakini ofisi ina madirisha mawili na benchi moja, watu wanasubiri nje, na mara nyingi swali haliulizwi.

Wakielewana, huandikiwa makubaliano: kiasi, tarehe, namba ya simu. Angalia hiyo namba ya simu. Elfu hamsini inaingia kwenye M-Pesa siku ya mwisho wa mwezi. Dakika chache baadaye simu inaita. "Umeipata? Mbona hushukuru? Nani huyo anaongea hapo?" Mama hawezi kuzima laini, kwa sababu laini ndiyo hela. Hawezi kumzuia asipige, kwa sababu atasema alipiga kuwajulia hali wanawe. Kilichokuwa kipigo kimegeuka muamala, na kila mwezi baba anapewa sababu halali ya kurudi masikioni mwa aliyemkimbia. Mtu anayetaka kuielewa sheria ya matunzo asianze na vifungu, aanze na simu hiyo.

Wasipoelewana, shauri huenda mahakamani. Kwa mkazi wa Tabata, panaweza kuwa Mahakama ya Watoto Kisutu, au Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichofunguliwa Temeke 2021, ambako ngazi za mahakama zimewekwa chini ya paa moja pamoja na huduma za ustawi. Kituo hicho ni hatua kubwa na nisingependa mtu anisome kama nakibeza. Kabla yake mama alizungushwa jiji zima. Ila hati yoyote ya maombi huanza kwa kutaja mwombaji ni nani na anakaa wapi, na nakala humfikia mjibu maombi pamoja na samansi. Mwenye bahati ya kupata wakili wa msaada wa kisheria anaweza kutumia anwani ya ofisi ya wakili. Asiye naye huandika: mkazi wa Tabata Kimanga.

Na baba akishaitwa, ana haki ya kujibu kwa ombi lake mwenyewe: anataka kuwaona watoto. Sheria ya Mtoto inalitambua ombi hilo, na kwa haki, maana wapo akina baba wengi wasio na hatia wanaonyimwa watoto wao kwa visasi. Lakini kwa mama tunayemzungumzia maana yake ni miadi ya kila wiki mbili pale Barakuda kituoni, mtu akimkabidhi mtu. Bibi ndiye hutumwa. Ukitaka kujua nani hasa hubeba gharama ya sheria yetu, kaa karibu na bibi.

Kuna kipengele kimoja katika sheria yetu ambacho kinakaribia kuwa msamaha wa aina ya Australia, na ningependa kila mgeni wa somo hili akisome kwa makini. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla ya kupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, na kupewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ya Rufani imeusisitiza ulazima huo, na talaka iliyotolewa bila hati hubatilishwa. Hata hivyo kifungu kinataja wasiohusika: aliyetelekezwa asijue mwenzake alipo, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi, ambaye mwenzake ameitwa akakataa kwa makusudi kufika, ambaye mwenzake amefungwa maisha au miaka isiyopungua 5, na kadhalika. Aliyepigwa hakutajwa. Kilichopo ni mlango wa mwisho: pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane. Kwa miaka zaidi ya 50, mwanamke wa Kitanzania anayeogopa kuketi meza moja na aliyemvunja mkono amelazimika kuomba aingizwe kwenye maneno hayo. Nadhani Bunge lingeweza kuongeza mstari mmoja, lisipoteze hata asubuhi moja.

Niseme pia, maana kosa hili ni la kawaida mitaani: hati ya baraza ni sharti la talaka. Matunzo ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto hayaisubiri.

Sasa niingie kwenye ugomvi wa wanazuoni wenyewe, ambao utakuta umetanda katika sura zote. Upande mmoja unasema matunzo ni haki ya mtoto. Si fedha ya mama, kwa hiyo mama hana cha kusamehe, na mzazi anayekwepa wajibu anatenda kosa ambalo Sheria ya Mtoto imeliwekea faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6. Upande wa pili unasema haki isiyoweza kudaiwa kwa usalama ni maandishi tu, na kwamba mtoto ambaye mama yake ameuawa kwa kudai elfu hamsini hakutetewa na mtu.

Mimi naona pande zote mbili zinakosea jambo moja: zinachukulia kutodai kuwa ni kusamehe. Mama anayesema amemwachia Mungu mara nyingi ameahirisha. Sheria inampa nafasi ya kuahirisha, kwa kuwa maombi yanaweza kufunguliwa baadaye, na si lazima yafunguliwe na yeye. Anaweza kuyafungua mlezi, ndugu, ofisa ustawi, au mtoto mwenyewe kupitia rafiki wa karibu. Ukisoma kifungu hicho kwa haraka utakipenda. Kisome tena ukiwa na shemeji akilini. Ndugu mwenye nia njema anaweza kufungua shauri bila ridhaa ya mama, na ulinzi aliojijengea kwa kunyamaza miaka miwili ukavunjika kwa muhuri mmoja. Sijaona hoja ya kuridhisha juu ya namna ya kuzuia hilo bila kumnyima mtoto haki yake, na ninaposema mjadala uko wazi sisemi kwa adabu ya kiuandishi.

Kuna njia ya kuupunguza ugomvi badala ya kuumaliza. Kila shilingi ambayo serikali inalipa moja kwa moja ni shilingi ambayo mama hahitaji kuifuata kwa mtu anayemwogopa. Ada ya shule za umma ilipofutwa mpaka kidato cha nne Januari 2016, watu waliichambua kama sera ya elimu. Hakuna aliyeichambua kama sera ya ukatili wa nyumbani, lakini ilikuwa hivyo pia: ilimwondolea baba mkali moja ya kamba alizozishika. Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ilifanya kazi hiyohiyo upande wa matibabu. Sare, michango na nauli vimebaki, navyo vinauma. Ningependa kuona mtafiti kijana akiipima bajeti ya nchi kwa kigezo hicho.

Kuhusu namna ya kufanya utafiti: asiyedai hayumo kwenye faili, kwa hiyo anayeanzia masjala ya mahakama ameshampoteza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, ambao kwa Tanzania uliongozwa na Dkt. Jessie Mbwambo wa Muhimbili na matokeo yake kutolewa 2005, ulikwenda nyumba kwa nyumba, ukakuta kwamba asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi walishapigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Takwimu hizo zilipatikana kwa masharti makali, na masharti hayo ndiyo urithi wake mkubwa zaidi: mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba, mahojiano faraghani, na mada hubadilishwa mara mtu anapoingia. Usimpigie simu mama ambaye hujui nani anashika simu yake. Usimwachie kadi yenye jina la mradi. Usiandike mtaa wake hata kwenye daftari lako, kwa sababu daftari husahauliwa kwenye daladala. Mtafiti anayeona masharti haya yanamchelewesha aende akasome mada nyingine.

Utakutana pia na maandiko ya pwani, na ninakusihi usiyapite. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mahakama za kadhi za Kenya, aliwasikiliza wanawake wanaosifiwa kwa kuvumilia wakigeuka kuwa wasemaji hodari mbele ya kadhi. Erin Stiles alifanya kazi ya jirani na hiyo Zanzibar, kitabu chake kikatoka 2009. Huko utakutana na khuluu, ambapo mke hurudisha mahari au kutoa mali ili aachwe. Mwanamke wa Tabata anayesamehe matunzo ili asifuatwe yuko karibu naye kuliko tunavyodhani, tofauti ikiwa kwamba mwenzake wa Unguja hutoka na karatasi ya kadhi mkononi, na yeye hana chochote kinachomzuia mtu kubisha hodi kesho.

Sura zinazofuata hazikupangwa kwa ngazi ya mahakama wala kwa umri wa sheria. Ya kwanza inaanzia kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo mahakama huiagiza kabla ya kuamua matunzo. Ofisa ustawi hutakiwa kwenda anakoishi mtoto, aone analala wapi, anakula nini, anasoma wapi, na ayaandike yote hayo ili hakimu ayasome na wahusika wayajibu. Wanafunzi wangu hupewa fomu tupu ya ripoti kama hiyo siku ya kwanza ya muhula, na mama wa kubuni aliyejificha Kimanga, na saa moja ya kuijaza. Wengi hukwama kwenye mstari wa makazi.